Spika haijafa, imeshikwa na simu nyingine: mwongozo kamili wa kuunganisha simu bila waya

Ami mmoja wa mtaani kwetu alinijia mezani pangu Mwembe Tayari, Mombasa, mkononi kashika spika ndogo kaivingirisha kwa leso. "Mwanangu, hii ishakufa. Juzi ilikuwa yasoma Qur'ani vizuri, tangu jana haishiki." Nikaiwasha. Haikupita hata dakika, ikalia na kushika simu yake iliyokuwa mfukoni mwa kanzu. Akashangaa: kitu kife Majengo, kifufukie Mwembe Tayari? Nikamuuliza swali moja tu. Nyumbani nani mwingine aliwahi kuitumia?

"Mjukuu wangu, kwa katuni zake."

Basi kisa chote ni hicho. Spika nyingi zikiwashwa hutafuta kwanza simu ya mwisho kuzitumia. Mjukuu yuko chumba cha pili, Bluetooth yake iko wazi, spika inamkimbilia yeye, na babu anabaki kubonyeza simu yake mpaka kidole kimuume. Nauza vikorokoro vya simu, na vingi vya vile ninavyoletewa kwamba "vimeharibika" havina ubaya wowote. Kwa hiyo sianzi na wapi pa kubonyeza. Naanza na maneno mawili ambayo watu huyachanganya.

Kuoanisha si kuunganisha

Ukiiweka simu ya Android kwa Kiswahili utaona maneno "oanisha" na "unganisha". Aliyetafsiri alifanya kazi nzuri kuliko Kiingereza chenyewe. Kuoanisha ni nikaha: hufanywa mara moja, pande mbili zikakubaliana, kila upande ukaweka hati yake. Hati hiyo ni ufunguo wa siri unaohifadhiwa ndani ya simu na ndani ya spika. Kuunganisha ni kurudi nyumbani jioni. Unarudi kila siku, lakini hufungi nikaha upya kila siku.

Kwa hiyo spika iliyoandikwa "imeoanishwa" lakini haitoi sauti haihitaji kuoanishwa tena. Ipo kwenye orodha, gusa jina lake tu iunganishwe. Na simu moja inaweza kuwa na hati za spika nyingi, na spika ikawa na hati za simu nyingi, ila wakati wa kutoa sauti spika za kawaida hukaa na simu moja tu. Zipo zinazoshika mbili kwa pamoja, na hizo nazo zina vituko vyake, kama nyumba yoyote yenye wake wenza: unasikiza muziki wa simu hii, ile nyingine ikiingia ujumbe inanyang'anya sauti.

Jina lenyewe Bluetooth, jino la buluu, ni lakabu ya mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyeunganisha makabila ya kwao. Ile alama ya kwenye simu ni herufi mbili za jina lake za maandishi ya kale, zimebandikwa pamoja. Ijue vizuri alama hiyo, itakufaa tukifika kwenye magari.

Kuoanisha kwa mara ya kwanza

Chaji kifaa kipya kwanza. Vingi hufika na chaji kidogo, na chaji ikiwa chini hukatika katikati ya kazi. Kisha:

1. Zima Bluetooth ya simu nyingine zote za hapo nyumbani zilizowahi kutumia kifaa hicho. Kama ni kipya kabisa, ruka hatua hii.

2. Weka kifaa katika hali ya kuoanishwa. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu kuwasha peke yake hakutoshi. Kwenye spika, bonyeza na ushikilie kitufe chenye alama ya Bluetooth mpaka taa imetemete haraka haraka. Vipokea sauti vya masikioni vikiwa vipya mara nyingi hujiweka tayari ukifungua kikasha; vikishatumika, unashikilia kitufe cha kwenye kikasha kwa sekunde kadhaa. Taa inayowaka polepole au iliyotulia maana yake ni kifaa kinatafuta simu ya zamani au kimeshaipata.

3. Kwenye simu fungua Mipangilio, ingia Vifaa vilivyounganishwa, kisha Oanisha kifaa kipya. Kaa kwenye ukurasa huo. Simu nyingi huonekana na wengine pale tu ukurasa huo ukiwa wazi, ukitoka, unajificha. Kwenye iPhone ni Mipangilio kisha Bluetooth, na hapo pia usitoke.

4. Subiri jina litokee, uliguse. Kama ni simu kwa simu, au simu na gari, pande zote mbili zitaonyesha nambari ya tarakimu sita. Zilinganishe kwa macho yako. Zikifanana, kubali, zikitofautiana, kataa, kwa kuwa unaongea na kifaa kingine. Vifaa vya zamani huomba nambari ya siri, na karibu kila mara ni 0000 au 1234.

5. Gusa kigurudumu kilicho kando ya jina. Utaona swichi mbili, moja ya simu na moja ya sauti ya muziki na video. Mtu akiniambia "napigiwa simu nasikia, lakini nyimbo hazitoki", swichi ya pili huwa imezimwa.

Saa za mkononi zina njia yao. Usizioanishe kwenye Mipangilio. Pakua programu ya saa yenyewe na uoanishe humo ndani. Simu yenye Android 12 kwenda juu itaomba ruhusa ya kuona vifaa vilivyo karibu. Zile za kabla yake, kuanzia Android 6, huomba ruhusa ya kujua ulipo, na wateja wangu hukataa wakidhani wanachunguzwa. Kwenye simu hizo, ukikataa, programu haioni saa.

Ikikataa kushika

Fuata mpangilio huu, wala usirukie kuifuta simu nzima kama kijana mmoja alivyofanya akapoteza picha za harusi ya dadake.

Kwanza jaribu kifaa hicho na simu ya mtu mwingine. Ikishika huko, spika ni nzima na shida iko kwako. Isiposhika kokote, hapo ndipo tuanze kuishuku spika. Jaribio hili huchukua dakika mbili na limewaokoa wengi kununua kitu wasichohitaji.

Pili, uliza swali nililomuuliza ami.

Tatu, toa talaka, lakini talaka ya pande zote mbili. Kwenye simu gusa kigurudumu, chagua Sahau. Hapo hati ya upande wako imefutwa, ila spika bado inayo ya kwake, na ndiyo sababu mnaporudiana inagoma: mmoja anadai hamjuani, mwingine ana cheti. Kwenye spika kuna mchanganyiko wa vitufe wa kufuta kumbukumbu, kwa kawaida vitufe viwili vikishikiliwa pamoja kama sekunde kumi. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi huueleza. Msizitupe zile karatasi, jamani. Ukishafuta kote, rudi hatua ya pili ya kuoanisha.

Nne, zima simu na uiwashe. Tano, na hii iwe ya mwisho, kwenye Mipangilio kuna kuweka upya mipangilio ya mtandao, Wi-Fi na Bluetooth. Haifuti picha wala ujumbe, lakini itasahau kila nywila ya Wi-Fi uliyonayo, kwa hiyo ziandike mahali kabla.

Kuna malalamiko mawili ambayo si ugonjwa. Video inaonyesha mdomo umeshafunga na sauti ndiyo inafika: hiyo ni gharama ya kufunga sauti, kuirusha na kuifungua tena. Programu nyingi za video hurekebisha zenyewe, michezo huwa haiwezi, na kwa michezo waya bado ni bora. La pili, ukipokea simu kwa vipokea sauti visivyo na waya, sauti inageuka nyembamba kama redio ya mkulima. Maikrofoni ikifunguka, Bluetooth ya kawaida huhamia njia nyingine yenye nafasi ndogo. Ukikata simu, muziki unarudi vizuri.

Gari kutoka Japani

Magari ya mitumba yanashuka hapa hapa bandarini, na redio zake huja na mambo mawili ya kumtia mtu wazimu. La kwanza ni kioo chenye maandishi ya Kijapani. Usijaribu kusoma. Tafuta ile alama ya mfalme Harald, ama picha ya simu, iguse, kisha kitufe kitakachofungua ukurasa wenye nafasi tupu zilizoorodheshwa; hapo ndipo pa kusajili simu. Programu ya tafsiri kwenye simu, ukielekeza kamera kwenye kioo, itakusomea vya kutosha. Gari liwe limesimama, breki ya mkono juu, kwa kuwa redio nyingi hukataa kusajili simu gari likiwa linatembea.

La pili ni masafa. Kwa miaka mingi redio za FM za soko la Japani zilianza 76 MHz na kuishia 90, na zetu huanzia karibu 88 kwenda 108. Ndiyo maana gari zima linashika stesheni chache tu, au lisishike hata moja. Gari la aina hiyo likiwa halina Bluetooth, watu hununua kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kidude hicho hupokea muziki wa simu kwa Bluetooth, kisha huurusha kwenye redio ya gari kama stesheni ndogo ya FM. Wauzaji wengi hawamwambii mteja jambo hili: lazima uchague masafa ambayo kidude na redio vyote vinayafikia, yaani kati ya 87.5 na 90, na uchague pale pasipo na stesheni. Weka redio kwanza, zunguka mpaka usikie mvumo mtupu, ndipo ulete kidude kwenye nambari ile ile. Ukivuka Nyali kwenda Mtwapa ukasikia mtu anaingilia wimbo wako, kuna stesheni inayosikika huko kuliko mjini. Sogeza kidogo.

Kuta za mawe, maji na chumvi

Boksi husema mita 10. Hiyo ni mahali peupe. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta mmoja wa namna hiyo unatosha kukata muziki hatua chache kutoka kwenye simu. Fungua mlango, au weka simu mahali inapoonana na spika. Mwili wa mtu nao ni maji kwa sehemu kubwa, na maji humeza mawimbi ya Bluetooth, ambayo ni ya 2.4 GHz. Kipokea sauti kikikatika ukitembea, hamisha simu kutoka mfuko wa nyuma uiweke mbele, au mfuko wa upande wa pili.

Watu wengi wakiwa pamoja si tatizo kubwa kama mtu anavyodhani. Panda feri ya Likoni saa kumi na moja jioni uone ni masikio mangapi yana vipokea sauti, na kila mmoja yuko na wimbo wake. Bluetooth ya sauti huruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara 1,600 kwa sekunde, katika mikondo 79, na kila jozi inaruka kwa mpangilio wake. Wakigongana, wamegongana kwa kufumba na kufumbua tu. Wi-Fi iliyo karibu ya 2.4 GHz husumbua zaidi, kwa sababu inakaa palepale haisogei. Ndiyo Bluetooth ikajifunza kuyakwepa masafa yenye msongamano.

Sasa bahari. Spika iliyoandikwa IPX7 imejaribiwa kuzama mita moja kwa dakika 30, lakini kwenye maji baridi. Hakuna aliyeipima kwa maji ya chumvi ya ufuo wa Pirates. Ikianguka baharini, ioshe kwa maji ya bomba, ipanguse, iache ikauke kabisa kabla ya kuchomeka chaji. Chumvi na umeme vikikutana kwenye tundu la chaji, tundu hilo hugeuka kijani na halirudi. Na usitarajie muziki ikiwa chini ya maji: mawimbi hayo hayapenyi maji zaidi ya sentimita chache.

Hata asiyekwenda pwani chumvi humfuata nyumbani kwa hewa na kwa jasho. Vipokea sauti ambavyo "upande mmoja hauchaji" mara nyingi vina uchafu kwenye vile vidoti vya shaba. Pangusa vidoti vya kikasha na vya kipokea sauti kwa pamba iliyolowa spiriti kidogo. Mimi hufanya bure mezani, maana ni aibu kumtoza mtu kwa pamba.

Kutuma picha na video

Bluetooth hutuma faili, polepole. Ikienda vizuri kabisa inabeba takriban megabiti 2 kwa sekunde. Wimbo wa MB 5 unafika chini ya nusu dakika. Filamu ya MB 700 itachukua kama dakika 47, na mmoja akisogea inakatika. Lakini kwa mulika mwizi, ile simu ndogo ya vitufe isiyo na Wi-Fi, ndiyo njia iliyopo: shika faili, chagua kushiriki, chagua Bluetooth, gusa jina la mwenzako, naye akubali. Ukiitafuta faili na usiione, ingia kwenye folda inayoitwa Bluetooth, au Vipakuliwa.

Kwa simu mbili za Android tumia Quick Share. Zamani kwenye Android iliitwa Nearby Share. Mwaka 2024 ikaunganishwa na ile ya Samsung na kuchukua jina lake. Hutumia Bluetooth kutafutana tu, kisha mzigo wenyewe hupita kwa Wi-Fi, moja kwa moja simu kwa simu, bila kula bando. Mpokeaji ashushe pazia la juu la simu, aguse Quick Share, aruhusu kila mtu kwa dakika 10. Mtumaji achague picha, ashiriki, aguse jina. Zile dakika 10 ni nzuri, hujifunga zenyewe. Kwa iPhone mbili ni AirDrop, nayo ina dakika 10 hizo hizo.

iPhone na Android, nakwambia ukweli, usihangaike na Bluetooth. iPhone haitumi picha kwa Bluetooth kwenda Android, hata mkioanishwa. Tafuteni programu moja ya kuhamisha faili mtakayoiweka wote wawili, mmoja afungue hotspoti, mwingine aingie.

Hotspoti

Simu iliyowekwa Kiswahili huiita mtandao-hewa. Ipo Mipangilio, Mtandao na intaneti. Badilisha jina lisiwe jina lako kamili, na weka nywila; ni lazima ifike herufi 8. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, usiache wazi. Kama simu ya mwenzako haioni mtandao wako, huenda umeweka masafa ya 5 GHz na simu yake ni ya zamani: rudisha 2.4. Ile ya 5 ina kasi zaidi lakini huchoka haraka kwenye kuta, na Mji wa Kale utaliona hilo.

Ulinzi wa bando ndio muhimu. Kompyuta ikiona Wi-Fi hudhani ni ya bure na kuanza kupakua masasisho, na bando la wiki linakwisha kabla chai haijapoa. Kwenye kompyuta yenyewe uweke mtandao huo kuwa wenye kipimo (metered). Na zima hotspoti ukimaliza, kwa sababu ndiyo inayokula betri na kuichemsha simu. Bluetooth iliyowashwa tu bila kazi hula kidogo sana. Hofu ya watu iko mahali sipo.

NFC

Hii ni njia ya vifaa kuwasiliana kwa kugusana tu: sentimita 4 hivi, masafa ya 13.56 MHz. Si kila simu inayo. Kama inayo, antena kwa kawaida iko mgongoni, na kugusisha pembe ya simu mara nyingi hakusaidii. Laza mgongo wa simu na utulie sekunde moja. Baadhi ya spika huoanishwa kwa kugusisha simu kwenye alama yake. Malipo ya kawaida ya M-Pesa hayapiti hapa, yanapita kwenye mtandao wa simu, kwa hiyo kuzima NFC au Bluetooth hakukuzuii kulipa nauli.

Nani yuko kwenye orodha yako

Mama mmoja aliniuliza kama mtu wa kiti cha jirani kwenye matatu anaweza kuingia kwa Bluetooth amwibie M-Pesa. Kwa kukaa karibu tu, na simu iliyosasishwa, si rahisi. Mlango wa wezi watu huufungua wao wenyewe: ombi linatokea kwenye kioo, anakubali bila kusoma, anapokea faili ya programu, anaisakinisha. Kataa kila ombi usilolitarajia. Mwaka 2017 ziligunduliwa kasoro zilizopewa jina BlueBorne, zilizoruhusu kushambulia simu iliyo na Bluetooth wazi hata bila kuoanishwa, masasisho yaliziba. Simu yako ikiwa ya zamani na haipati masasisho tena, zima Bluetooth unapoingia kwenye umati.

Badilisha pia jina la simu. Kwenye feri naona orodha ya majina mawili mawili ya watu kamili, nami siwajui. Jina la utani latosha.

Ukiuza simu, ifute yote. Na ukikodi gari, au ukiwa umeazima la shemeji kwa safari ya Malindi, kumbuka wakati wa kuoanisha gari liliomba ruhusa ya kuona majina ya simu yako na wewe ukakubali. Majina hayo yanaweza kubaki ndani ya redio. Kabla ya kurudisha ufunguo, ingia kwenye orodha ya simu zilizosajiliwa humo garini, ifute yako, kisha fungua simu yako uguse Sahau.